UHAKIKI WA VIRAKA VYA KIENDESHAJI CHA SKRINI: MAZINGATIO YA KIISTILAHI NA KIMTINDO KUTOKA UKANDA WA THIKA NA RUIRU

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kazi ya kuhakiki mabadiliko ya programu zinazoendesha skrini katika kiini cha mfumo endeshi wa tarakilishi, pamoja na lugha inayotumika katika kazi hiyo. Mfano mkuu ni mfumo wa Linux, kwa sababu misimbo yake ipo wazi na mijadala yake hufanywa hadharani. Ukanda wa viwanda wa Thika na Ruiru nchini Kenya, ambako tarakilishi zimewahi kuundwa kwa kuunganisha vipuri, umetumiwa kuwa mahali pa kuipimia hoja. Hoja yenyewe ni kwamba kazi hii ni uhakiki kwa maana kamili ya neno hilo wala si ukaguzi, na kwamba Kiswahili kinazo nyenzo za kisarufi za kuiendesha.

Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hupita Ruiru, kisha Juja, ndipo afike Thika. Ruiru kuna maziwa ya Brookside. Thika kuna mafuta ya Bidco na mananasi ya Del Monte. Thika pia kuna kiwanda cha Kenya Vehicle Manufacturers, kilichoanza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya. Kazi yake ni kuunganisha magari kutokana na vipuri vinavyoletwa vikiwa vimefunguliwa, na mwaka 2016 gari dogo la Volkswagen Polo Vivo lilianza kuunganishwa humo. Katikati ya safari, pale Juja, kipo Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), kilichoanzishwa mwaka 1981 kwa msaada wa Japani na kupandishwa hadhi kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Chuo hicho nacho kiliingia katika kazi ya kuunganisha. Kilitoa vipakatalishi vilivyoitwa Taifa, na mwaka 2016, kwa ushirika na kampuni ya Positivo BGH ya Amerika Kusini, kikapata sehemu ya kandarasi ya serikali ya kuwapelekea wanafunzi wa shule za msingi vifaa vya kidijitali.

Kazi hizi mbili zafanana kwa mbali tu. Fundi anayeunganisha lori aweza kukishika mkononi kila kipuri kinachoingia katika lori hilo. Fundi anayeunganisha kipakatalishi hawezi, kwa kuwa kipo kimoja kisichoshikika, nacho ni maandishi. Baina ya ubao wa tarakilishi na kioo cha skrini kuna andiko linalomwambia ubao ampelekee kioo nini, kwa kasi gani na kwa utaratibu upi. Andiko hilo likiwa na kosa, kioo hukaa giza hata kama kila skurubu imekazwa. Tena andiko lenyewe aghalabu limeandikwa mbali na Juja, likahakikiwa na watu wasiowahi kufika huko.

Swali la makala haya ni dogo, ila lina uzito wake: ni nani huhakiki andiko la namna hiyo, kwa vigezo gani, na mwanafunzi wa Juja au Thika aweza kuizungumzia kazi hiyo kwa maneno gani bila kulazimika kukihama Kiswahili? Juhudi za awali za kuswahilisha tarakilishi zilielekea kwingine. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na kazi hiyo yastahili heshima. Hata hivyo maneno yaliyotafutwa wakati huo ni yale ambayo mtumiaji huyaona: faili, hariri, hifadhi, chapisha. Maneno ya watu wanaofanya kazi chini ya skrini yaliachwa nyuma.

Kiini, kiendeshaji na kiraka

Mfumo endeshi una sehemu ya ndani kabisa inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu na kuwasiliana na vifaa. Wapo wanaoiita kerneli, na wapo wanaoiita kiini. Makala haya yanatumia kiini, kwa sababu neno hilo tayari hutaja kiini cha yai na kiini cha jambo, na yote mawili yamo katika dhana inayokusudiwa. Kiini cha Linux kilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Ufini.

Sehemu ya kiini inayojua tabia za kifaa kimoja mahususi ndiyo inayoleta mgogoro wa istilahi. Mafundi wa tarakilishi wa Thika huiita draiva, na sarufi ya mtaani imeshawatenganisha ndugu hawa wawili wa mkopo: dereva amechelewa, bali draiva imeharibika. Mmoja ni mtu na hufuata upatanisho wa watu. Mwingine ni kitu na umeingia katika ngeli ya I-ZI. Katika maandishi, wengine hutumia kiendeshi. Tatizo la kiendeshi ni kwamba neno hilo hilo hutumika pia kwa kifaa cha kuhifadhia data, hivi kwamba sentensi kama “kiendeshi kimekwisha” haieleweki hadi msomaji aulize ni kipi. Kwa hiyo makala haya yanapendekeza kiendeshaji. Kiambishi tamati -ji huonyesha utendaji wa mara kwa mara, na kiambishi awali ki- humwondolea mtendaji huyo ubinadamu. Kiendeshaji cha skrini, basi, ni programu ndani ya kiini inayoendesha skrini kila wakati tarakilishi inapowashwa.

Istilahi ya tatu haikuleta taabu. Mtu anayetaka kubadilisha msimbo wa kiini hapeleki kitabu kizima. Hupeleka karatasi ya tofauti tu: mistari inayoondolewa na mistari inayoingia mahali pake. Hicho ni kiraka. Neno hili limebeba historia ya umaskini, kwani nguo yenye viraka ni nguo ya asiyekuwa na nyingine. Lakini mashabiki wa kandanda nchini Tanzania wameshalitoa aibu. Kwao kiraka ni mchezaji anayeweza kuzibia nafasi yoyote uwanjani. Wanaohariri kiini cha Linux hawaoni aibu pia. Andiko zima ni viraka juu ya viraka, na tangu mwaka 2005 kila kimoja huhifadhiwa pamoja na jina la aliyekishona kwa kutumia Git, chombo ambacho Torvalds mwenyewe alikianzisha kwa ajili hiyo.

Kila sehemu ya kiini ina mtu au watu wenye dhamana ya kukubali au kukataa viraka. Makala haya yanawaita walezi. Chama chochote cha wanafunzi kina mlezi wake, na msomaji wa jarida hili ajua kwamba mlezi si mmiliki.

Kiraka kimoja cha mfano

Ili jambo lisielee hewani, na tuchukue kiraka cha kubuni. Mwanafunzi ana skrini ndogo ya inchi saba, ya aina inayofungwa kwenye mitambo ya kupimia au kufungashia bidhaa, na kiini hakiijui. Skrini ina pikseli 800 kwa upana na 480 kwa urefu. Mwanafunzi anaandika kiraka cha mistari kama 30 kinachoitambulisha skrini hiyo, kisha anakipeleka. Mhakiki atafanya nini?

Kwanza atapiga hesabu. Picha ya skrini haipelekwi kwa mkupuo. Hupelekwa pikseli moja baada ya nyingine, mstari baada ya mstari, na kila mstari huwa na pambizo kama ukurasa wa kitabu. Tuseme pambizo ya mbele ni 40, mpigo wa kulinganisha ni 128 na pambizo ya nyuma ni 88. Mstari mzima huwa 800 + 40 + 128 + 88, yaani 1,056. Kwa wima, 480 + 10 + 2 + 33 ni 525. Ukizidisha 1,056 kwa 525 unapata 554,400, nayo ndiyo idadi ya nafasi katika picha moja, pamoja na nafasi zisizoonekana. Picha zikihitajika 60 kwa sekunde, saa ya pikseli lazima ipige mara 33,264,000 kwa sekunde. Katika kiini cha Linux kipimo hicho huandikwa kwa kilohezi, kwa hiyo tarakimu inayotarajiwa ni 33264.

Hapa ndipo makosa hujificha. Mwandishi aweza kuandika 33264000 kwa kusahau kwamba kipimo ni kilohezi, akawa ameongeza kasi mara 1,000. Kosa hilo ni zuri kwa sababu hujitangaza: skrini haiwaki. Kosa baya ni lile linalofanya kazi. Akiandika 505 mahali pa 525, skrini itaonyesha picha kwa kasi ya takriban 62.4 badala ya 60, na ile moja iliyoko mezani pake huenda isilalamike kamwe. Nyingine ya aina hiyo hiyo, iliyotoka kiwandani ikiwa na uvumilivu mdogo, itametameta. Mhakiki asiyeshika kalamu na kupiga hesabu hawezi kuliona kosa hilo, kwa kuwa mbele yake hana skrini yoyote. Ana andiko tu.

Baada ya hapo huja vipimo vya kioo kwa milimita. Skrini ya inchi saba yenye umbo hili ina upana wa takriban milimita 152 na urefu wa 91. Mwandishi akitia sentimita mahali pa milimita, picha itaonekana sawasawa, lakini programu zinazokadiria ukubwa wa herufi kutokana na vipimo hivyo zitatoa maandishi ya ajabu. Si ajabu mtumiaji akailaumu fonti kwa miaka.

Jambo linalowashughulisha wahakiki zaidi, hata hivyo, ni mpangilio wa kuwasha na kuzima. Kiendeshaji huipa skrini umeme, hungoja utulie, huanza kupeleka picha, na mwisho ndipo huwasha taa ya nyuma. Taa ikiwashwa mapema, mtu ataona takataka za rangi kabla ya picha. Kuzima huenda kinyume chake, hatua kwa hatua: taa, picha, umeme. Aingiaye nyumba yenye milango mitatu hutoka kwa kuanza na mlango alioufungua mwisho. Mwandishi chipukizi hukumbuka njia ya kuingia na njia ya kutoka. Anachosahau ni njia ya katikati: itakuwaje hatua ya tatu ikishindikana? Mbili za kwanza zimekwisha kufanyika. Umeme unapita, na hakuna atakayeuzima. Mhakiki mzoefu huanza kusoma kiraka hapo, kwenye njia za kushindwa, kwa kuwa njia ya kufaulu mwandishi mwenyewe ameshaijaribu mara nyingi.

Mambo ya umbo hayahitaji maneno mengi. Kiini cha Linux kina mwongozo wake wa uandishi, wenye ujongezaji wa nafasi nane, na upo ukaguzi wa mashine unaokamata kasoro hizo kabla ya binadamu kuzipotezea muda. Kanuni nzito kuliko hiyo ni kwamba kiraka kimoja kibebe badiliko moja. Anayetambulisha skrini mpya na papo hapo kurekebisha kosa la zamani katika faili hiyo hurudishiwa kazi aigawe, kwa sababu siku moja badiliko la pili laweza kuhitaji kuondolewa bila kuliondoa la kwanza.

Kiraka kilichofanya kazi na bado kikakataliwa

Ingekuwa uhakiki ni kutafuta makosa tu, kisa kifuatacho kisingetokea. Mnamo Februari 2016, kampuni ya AMD, mtengenezaji wa vichakataji vya michoro, ilileta hadharani msimbo mkubwa mpya wa kuendesha skrini. Mwezi Desemba mwaka huo ilitaka kujua kama msimbo huo ungeweza kuingizwa katika kiini. Ulikuwa na ukubwa wa takriban mistari 100,000. Aliyekuwa na dhamana ya michoro katika kiini, Dave Airlie wa Australia, alijibu kwamba hapana.

Sababu yake haikuwa kwamba msimbo haukufanya kazi. AMD ilikuwa imejenga tabaka la kati ili msimbo mmoja utumike katika mifumo endeshi zaidi ya mmoja. Kwa kampuni, hilo ni busara: andika mara moja, tumia mahali pengi. Kwa walezi wa kiini, ni mzigo. Kiini cha Linux hakina mkataba wa kudumu na viendeshaji vilivyomo ndani yake. Anayebadilisha kanuni ya pamoja huwajibika kwenda katika kila kiendeshaji kinachoitumia na kukirekebisha mwenyewe. Tabaka la kampuni moja, lenye mantiki inayoamuliwa nje, lingemzuia mtu huyo. Angefika mlangoni akakuta ufunguo uko kwa wenyewe.

Kukataa huko kulikuwa na gharama, na ni haki kuisema. Kadi za michoro za AMD zilizoitwa Vega zilipotoka mwaka 2017, ziliutegemea msimbo huo kwa upande wa kuonyesha picha. Aliyenunua kadi hiyo na kutumia kiini cha kawaida hakuweza kuunganisha skrini nayo bila kwenda kutafuta viraka vya pembeni. AMD iliendelea kuuandika upya msimbo, ikaondoa sehemu za lile tabaka na kutumia nyenzo za pamoja za kiini, mpaka ukaingizwa katika toleo la 4.15 lililotoka Januari 2018. Ulikuwa bado mkubwa, na wapo walioona kwamba walezi walilegeza kamba mwishoni. Lakini ulikuwa umekubali kukaa chini ya sheria za nyumba.

Kanuni nyingine ya sehemu hiyo ya kiini ina roho ile ile. Mtu akitaka kuongeza mlango mpya ambao programu za nje zitapitia kuiambia skrini jambo, haitoshi kuuonyesha mlango. Lazima aonyeshe pia programu yenye msimbo wazi itakayoupitia, nayo ihakikiwe na wenyewe. Sababu ni kwamba mlango ukishafunguliwa kwa watumiaji haufungwi tena. Programu zao zitautegemea. Mhakiki huombwa ahukumu si msimbo uliopo tu bali miaka itakayofuata.

Ukaguzi, upitiaji, usahihishaji au uhakiki?

Sasa yawezekana kuuliza kazi hii iitweje. Maneno manne yanagombea.

Ukaguzi linajulikana sana katika eneo la viwanda. Mkaguzi wa ubora husimama mwishoni mwa mstari wa uzalishaji, akapima kopo, akaliruhusu au akalitupa. Kenya nzima yamjua Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, naye huja fedha zikiwa zimekwisha kutumika. Mkaguzi hukuta kitu kimeshakuwa. Hana wajibu wa kumweleza kopo kwa nini limekataliwa, wala kopo halina haki ya kumjibu. Kiraka kina mwandishi, na mwandishi ana haki ya kujitetea. Kwa sababu hiyo ukaguzi haufai, ingawa wafaa kwa ile kazi ya mashine iliyotajwa hapo juu.

Upitiaji linatokana na pitia, kauli ya kutendea ya pita. Anayepitia kitabu si lazima akisome. Neno ni jepesi mno kwa mtu anayepiga hesabu za pambizo kwa kalamu. Usahihishaji nalo ni la mwalimu na daftari la mwanafunzi: jibu linajulikana kabla, na kalamu nyekundu ipo mkononi. Kisa cha AMD chaonyesha udhaifu wake waziwazi, kwa kuwa pale hapakuwa na kosa la kusahihisha.

Uhakiki lina asili ya Kiarabu, kutoka mzizi unaotaja ukweli na haki, ule ule uliotupa neno haki lenyewe. Mwanafunzi wa fasihi atapinga mara moja: uhakiki ni wa riwaya na ushairi, na hufanywa baada ya kazi kuchapishwa. Pingamizi hilo lina nguvu darasani tu. Nje ya darasa, hakiki limeshatumika kwa jambo linalotangulia kukubaliwa: majina ya wapigakura huhakikiwa kabla ya uchaguzi, na Tanzania ilijadili kwa mapana uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambao matokeo yake yalitangazwa mwaka 2017. Neno, basi, lina pande mbili, ule wa kuthibitisha ukweli wa kitu na ule wa kutoa hukumu yenye hoja juu ya thamani yake. Kiraka cha skrini chahitaji zote mbili. Hesabu ya 33264 ni uhakiki wa upande wa kwanza. Kukataa tabaka la AMD ni wa upande wa pili.

Lipo jambo moja ambalo mhakiki wa fasihi hana na mhakiki wa kiraka analo, nalo ni saini. Tangu mwaka 2004 kila kiraka cha Linux hubeba mstari ambao mwandishi anathibitisha kwa jina lake kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Mhakiki naye aweza kuongeza mstari wake, na maana ya mstari huo imeelezwa katika mwongozo wa kiini kwa vifungu vinne. Anakiri kwamba amefanya uhakiki wa kitaalamu wa kufaa kwa kiraka. Kwamba maswali yake yalifikishwa kwa mwandishi na majibu yakamridhisha. Kwamba, japo kiraka chaweza kuboreshwa zaidi, anakiona kuwa na manufaa na kutokuwa na kasoro inayojulikana ya kukizuia. Na kwamba pamoja na hayo yote hatoi dhamana kuwa kitafanya kazi katika kila hali. Kifungu cha mwisho ni cha unyenyekevu, wala hakifuti vitatu vilivyotangulia. Jina hubaki katika kumbukumbu, na skrini ikizimika mwaka wa tatu mtu ataulizwa.

Lugha ya mhakiki

Mwongozo wa Linux unamtaka mwandishi aeleze badiliko lake kwa hali ya kuamuru, kana kwamba anauagiza msimbo ubadili tabia yake. Kwa Kiswahili kichwa cha kiraka kingekuwa “Ongeza skrini ya inchi saba” au “Zima taa kabla ya picha”, wala si “Niliongeza” au “Kiraka hiki kinaongeza”. Kiswahili kinapata faida hapa, kwa sababu mzizi wa kitenzi pamoja na kiishio chake watosha kuwa amri kamili. Amri hiyo haimlengi mtu. Inaulenga msimbo, na kwa hiyo haina utovu wa adabu.

Upande wa mhakiki ndio mgumu. Kwa miaka mingi majibu ya baadhi ya wakubwa wa Linux yalijulikana kwa ukali wake, na mwezi Septemba 2018 jumuiya hiyo ikapitisha kanuni mpya ya maadili. Afrika Mashariki ina ugumu wa namna nyingine. Mwanafunzi wa mwaka wa pili akiletewa kiraka cha mhadhiri wake akihakiki, atasema nini? Hofu yake ni kunyamaza kwa heshima, na kimya cha heshima hupitisha umeme usiozimwa.

Kauli za vitenzi zinatoa njia. Linganisha sentensi hizi mbili:

“Umesahau kufungua kufuli.”
“Kufuli halifunguliwi hatua ya tatu ikishindikana.”

Ya kwanza ina mtenda, naye ni “u-”, yaani mwandishi. Ya pili imemwondoa mtenda kwa kauli ya kutendwa, na badala yake imeleta kitu ambacho ya kwanza haikuwa nacho: sharti la -ki- linaloonyesha ni katika njia ipi kosa linatokea. Imekuwa ya adabu zaidi na wakati huo huo imekuwa sahihi zaidi. Hali kadhalika kauli ya kutendeka: “mstari huu hausomeki” yatoa hukumu juu ya mstari, ilhali “umeandika vibaya” yatoa hukumu juu ya mtu. Mwanafunzi aweza kuandika, “Mwalimu, naomba ufafanuzi: mbona 525 imekuwa 505?”, na akawa ametimiza wajibu wote wa mhakiki bila kuvunja heshima. Kitenzi naomba hapo si pambo. Kinamrudishia mwandishi zamu ya kusema, na kifungu cha pili cha mstari wa uhakiki chadai hasa kwamba mwandishi ajibu.

Mwongozo huo wa kiini umetafsiriwa, kwa sehemu, katika Kichina, Kiitaliano, Kijapani, Kikorea na Kihispania, na tafsiri hizo zimo ndani ya hazina ya msimbo wenyewe. Kiswahili hakimo. Kazi ya kukiingiza haimhitaji mhandisi peke yake. Yamhitaji anayejua tofauti ya kutendwa na kutendeka, kisha akae meza moja na mhandisi. Umbali kati ya madarasa ya Kiswahili ya Thika na karakana za Juja ni nauli ya matatu.

Istilahi iliyosalia

Limebaki neno moja ambalo wahakiki wa viendeshaji hulitumia karibu kila siku. Ni pale kiraka kipya, chenye nia njema, kinapoharibu kitu kilichokuwa kikifanya kazi jana. Kwa Linux hilo ni kosa kubwa kuliko yote. Kiraka hurudishwa hata kama kilileta manufaa mengine. Kurudi nyuma halitoshi, maana tarakilishi haikurudi popote. Urejeo limeshatwaliwa na wanaisimu na wanahisabati. Uharibifu ni pana mno, kwani hata anayemwagia kipakatalishi chai ameharibu.

Kiswahili kina kitenzi tibua: kuvuruga kilichokuwa kimetulia, kama maji ya mtungi yanapokorogwa tope likapanda juu. Maana ya utulivu uliotangulia imo ndani yake, na ndiyo hasa inayotafutwa. Nomino yake ingekuwa mtibuko, wingi mitibuko, katika ngeli ya U-I, na mhakiki wa Juja angeweza kuandika chini ya kiraka cha mwenzake: “Kiraka kinatibua skrini zote za 800 kwa 480 zilizokuwa zikiwaka katika toleo lililopita, naomba kigawanywe, mtibuko uondolewe kwanza.”